Mama Asije Akaachwa Njiani

Shangazi alisimama kwenye kaunta za kuandikisha abiria katika uwanja wa Pearson, Toronto, kwa miaka 19, akihudumia mashirika mbalimbali ya nje. Barua za mwezi huu zote zimehusu ndege.

Shikamoo shangazi. Naishi Scarborough, mashariki ya Toronto. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 74, ana kisukari na magoti yamechoka. Viza yake imetoka mwezi uliopita baada ya kuhangaika karibu mwaka mzima. Hajawahi kupanda ndege, na Kiingereza hajui. Nilifikiri kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza, maana njia zimekuwa nyingi mno. Kila mara nasikia shirika jingine la nje limeongeza safari za Toronto. Wakala ameniorodheshea Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam na Cairo, halafu na moja ya kupitia Nairobi na New York yenye nauli ya chini kuliko zote, tofauti ya dola 310. Mdogo wangu anasema tuchukue hiyo, mama si atakuwa amekaa tu? Moyo wangu unakataa. Nisaidie.
*Binti wa Tanga, Scarborough*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa viza. Moyo wako umesema kweli, usikilize.

Nianze na hiyo ya New York ili tuiweke kando kabisa. Marekani haina ukumbi wa abiria wa kupita tu kama viwanja vingine. Kila anayetua pale, hata akikaa saa mbili, anapita kwa afisa wa uhamiaji, na mwenye pasipoti ya Tanzania lazima awe na viza ya Marekani. Viza ya Kanada haimsaidii kitu. Mama angefika kaunta ya kwanza, akaulizwa viza hiyo, akarudishwa nyumbani na mabegi yake. Kazi hiyo ya kuwarudisha watu nimeifanya mimi mwenyewe, kwa wale waliokuwa wakienda nyumbani kutoka huku kwa kupitia Marekani. Ilinibidi nimwambie mzee aliyeaga ukoo mzima kwamba leo hasafiri. Ananiuliza kosa lake ni nini. Hakuwa na kosa. Aliyemkatia tiketi ndiye hakuuliza.

Zinabaki njia sita. Watu watakwambia uangalie nauli, au chakula, au saa za kukaa angani. Mimi nakuomba uangalie jambo ambalo wakala hakukuandikia: ile ndege ya pili, inayokuja Toronto, inaruka mara ngapi kwa wiki?

Nitakueleza sababu. Mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuja kunitembelea mwaka 1999. Shirika na uwanja sivitaji. Ndege ya kutoka Dar ilichelewa, akafika Ulaya ile ya Toronto imeshaondoka, na ilikuwa inaruka mara mbili tu kwa wiki. Alikaa siku tatu kwenye hoteli ya kando ya uwanja. Mimi huku napiga simu usiku na mchana, naambiwa yuko salama. Alipofika nikafungua mkoba wake, nikakuta vikaratasi vimekunjwa vizuri ndani ya leso, vyote vipya. Vilikuwa vya chakula: cha asubuhi, cha mchana, cha usiku. Hakuna aliyemwambia ni vya nini, naye aliona haya kuuliza. Siku zote tatu alikula visheti alivyowaletea wajukuu. Njia ile nilimchagulia mimi, kwa kuwa ilipungua dola 200. Vikaratasi ninavyo hadi leo.

Kwa hiyo mashirika yakiongezeka Pearson nafurahi, lakini furaha yangu kubwa ni kwa yanayoongeza siku. Emirates, shirika la Dubai, ilianza kuja Toronto Oktoba 2007 kwa safari tatu za wiki, na tangu Aprili 2023 inakuja kila siku. Qatar Airways, ya Doha, imeingia Toronto Desemba 2024, ikaanza na safari tatu kwa wiki. Kwa kijana mwenye simu na kadi ya benki zote mbili ni njia nzuri. Kwa mwanamke wa miaka 74, ya kila siku na ya mara tatu kwa wiki hazilingani hata kidogo. Akiachwa na ndege ya kila siku, analala usiku mmoja. Akiachwa na ya mara tatu kwa wiki, huenda akangoja siku mbili, au apangiwe njia nyingine ya vituo viwili zaidi, kila kituo na wageni wake. Ratiba hizi hupanda na kushuka kwa msimu, basi mwambie wakala akuonyeshe ya wiki ile ile anayosafiri mama, siku moja baada ya nyingine.

Addis Ababa naipenda, na sitaki uidharau. Ethiopian ndiyo imekuwa ikituunganisha na Toronto tangu 2012, na kutoka Dar hadi Addis ni kama saa tatu tu. Lakini ujue jambo hili. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa na injini havipati nguvu ile ile ya pwani, na ndege haiwezi kunyanyuka ikiwa imejaa abiria na mafuta yote ya kufika Toronto. Ndiyo maana kwa kuja huku imekuwa na kawaida ya kutua njiani, kama Dublin, kujaza mafuta, ilhali kwa kurudi inaruka moja kwa moja, kwa sababu Pearson iko chini. Kwa abiria mzoefu hilo si kitu. Kwa mama yako, magurudumu yakigusa ardhi atajua amefika. Ukichagua njia hiyo, mwambie mapema: ndege ikitua mara ya kwanza asifungue mkanda mpaka mhudumu amguse bega.

Mimi ningemleta kwa Dubai, kwa sababu ya hiyo kila siku, na Addis ningeiweka ya pili. Pia kwenye viwanja vya Ghuba kuna vijana wengi wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi, na mzee akisikia "shikamoo mama" katikati ya safari, nusu ya hofu inamtoka. Istanbul ni pakubwa mno kwa magoti hayo. Amsterdam na Cairo sina la kuzisema vibaya, ila hazimpi mama kitu ambacho Dubai haimpi.

Sasa tiketi. Iwe moja, kutoka Dar hadi Toronto, chini ya namba moja. Ukikata Dar hadi Dubai peke yake kwa sababu umepata bei nzuri, na Dubai hadi Toronto peke yake, basi ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwake. Litamhesabu kuwa hakutokea. Na mabegi yatatokea Dubai, akayachukue mwenyewe. Muda wa kubadilisha ndege usiwe chini ya saa tatu.

Kisha kiti cha magurudumu. Wazee wetu wengi wanakikataa, wanasema mimi si mgonjwa. Mweleze hivi: kile kiti kinakuja na mtu. Huyo mtu anamchukua mlangoni mwa ndege, anampitisha kwenye ukaguzi, anamfikisha mlango wa ndege ya pili, na Toronto anampeleka kwa afisa, kwenye mabegi, mpaka kwako. Mama hatatafuta njia wala kusoma kibao hata kimoja. Ila wakala aandike herufi sahihi. WCHR ni kwa mtu anayepanda ngazi ila mwendo mrefu unamshinda. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa asiyeweza hata kufika kwenye kiti chake bila kusaidiwa. Kwa magoti uliyoyaeleza mimi ningeandika WCHS, kwa sababu ndege zikiegeshwa mbali na jengo watu hupandia ngazi za nje, na mwenye WCHR ataambiwa apande. Iombwe saa 48 kabla au mapema zaidi, na siku mbili kabla ya safari upige simu mwenyewe kuhakikisha imo. Chakula cha kisukari kinaombwa kwa herufi DBML. Dawa na sindano zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kabisa kwenye begi la chini. Na wakala aandike kwamba abiria anazungumza Kiswahili tu.

Jambo la mwisho ni saa, na hili nimelia nalo pamoja na watu pale kaunta. Tiketi ikiandikwa Ijumaa 00:45, watu huja Ijumaa usiku, ndege imeondoka tangu usiku wa jana. Mama mwambie kwa lugha yake: ni usiku wa kuamkia Ijumaa, saa saba kasorobo, kwa hiyo Alhamisi baada ya magharibi awe uwanjani. Usimsomee namba za tiketi. Mwambie siku, sala na saa ya Kiswahili, na umwandikie kwa herufi kubwa.

Habari yako shangazi. Mimi ni dereva wa lori, naishi Brampton, nyumbani ni Nakuru. Swali langu ni fupi. Kila siku Waarabu, Waturuki na Wahabeshi wanashusha ndege hapa Pearson, na ndani yake sisi Wakenya tumejaa. Kenya Airways inaenda New York moja kwa moja tangu 2018. Toronto imetukosea nini?
*Dereva, Brampton*

Ndugu yangu, Toronto haijawakosea. Wengi wanadhani shirika la ndege likipenda mji linanunua ndege na kuanza kuruka. Haiwi hivyo. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, anga ni mali ya nchi iliyo chini yake, na safari za ratiba kati ya nchi mbili hufuata makubaliano ya serikali hizo mbili: mashirika gani, miji ipi, mara ngapi kwa wiki. Shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mkataba huo, ICAO, makao yake makuu yako Montréal. Juu ya makubaliano hayo, shirika la nje linahitaji leseni ya Canadian Transportation Agency, mamlaka ya usafiri ya Kanada, na cheti cha usalama cha Transport Canada, wizara ya usafiri.

Ukitaka kuona jambo hili linavyouma, kumbuka mwaka 2010. Mimi nilikuwa kazini. Mashirika ya Falme za Kiarabu, Emirates na Etihad, yalikuwa na safari sita tu za Toronto kwa wiki, tatu kila moja. Emirates ilikuwa inaleta A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria, na bado inajaa. Wakaomba zaidi. Kanada ikakataa. Hoja ya upande wa Kanada ilikuwa kwamba watu wa Toronto na Dubai wenyewe hawatoshi kujaza ndege zote hizo, na kwamba abiria wengi wanaendelea mbele, India, Pakistan, Afrika, na hao wangeweza kubebwa na mashirika ya Kanada na washirika wake wa Ulaya. Falme za Kiarabu zikajibu kwa kuifunga Camp Mirage, kambi ya jeshi la Kanada karibu na Dubai iliyohudumia vita vya Afghanistan, na kuanzia Januari 2011 Wakanada wakatakiwa viza ya kuingia huko. Ilichukua hadi 2013 viza hiyo kuondolewa, na hiyo kila siku ya Toronto haikupatikana mpaka Aprili 2023. Julai ya mwaka huo Emirates ikafungua na Montréal.

Nilipokuwa nasoma magazeti ya wakati ule, lile neno "abiria wanaoendelea mbele" lilinichoma. Abiria huyo alikuwa mbele yangu kaunta. Alikuwa nesi wa kutoka Mombasa anayekwenda kumzika baba yake. Alikuwa wewe.

Sasa Kenya Airways. Nguvu za ndege wanazo. Boeing 787 zao ndizo zinazokwenda New York, saa 15 hivi, tena kutoka Nairobi iliyo mita 1,600 na kitu juu ya bahari. Toronto si mbali zaidi kwa kiasi cha kutisha. Ugumu uko kwenye hesabu ya ndege. Kwenda saa 15, kukaguliwa na kusafishwa, kurudi saa nyingine 13 au 14: siku imekwisha na ndege moja haijarudi kwao. Ukitaka kuruka kila siku unahitaji ndege mbili za kazi hiyo tu, kwa shirika ambalo 787 zake hazifiki kumi. Ukiruka mara mbili kwa wiki unaweza kuzipata, lakini umesoma niliyomwandikia binti wa Tanga juu ya safari za mara mbili kwa wiki, na wafanyabiashara wanaolipa viti vya mbele hawazitaki kabisa. Wa Ghuba na wa Addis wanaweza kwa sababu ndege yao moja ya Toronto inajazwa na watu wa miji hamsini kwa pamoja. Nairobi itabidi iwe kituo cha namna hiyo, ikusanye wa Lusaka, Lilongwe, Bujumbura na Dar, ndipo Toronto iwezekane. Natamani niione siku hiyo, nami nipande.

Shangazi, salaam. Mwezi wa tatu nilitoka Toronto kwenda Mombasa na shirika moja la nje. Tuliondoka tumechelewa, tukakosa ndege ya pili, nikafika Mombasa saa 11 baada ya muda wangu. Walisema ni upungufu wa wahudumu wa ndege. Wamenitumia vocha ya dola 150 ya kutumia ndani ya mwaka mmoja. Nichukue?
*Mpwa wako, Mississauga*

Usichukue, na usiweke sahihi popote.

Kanada ina kanuni za kumlinda abiria, zilizoanza kutumika 2019, na haziwahusu mashirika ya Kanada kama Air Canada na WestJet tu. Zinahusu kila shirika linaloingia au kutoka Kanada. Kinachohesabiwa ni saa ulizochelewa kufika mwisho wa tiketi yako. Kwa shirika kubwa, ukichelewa saa tatu hadi chini ya sita ni dola 400 za Kanada. Saa sita hadi chini ya tisa ni 700. Saa tisa na kuendelea ni 1,000. Sharti ni kwamba sababu iwe ndani ya uwezo wa shirika na isiwe ya kiusalama. Theluji haiwahusu. Kupanga wahudumu wao ni kazi yao, na wamekwisha kukiri wenyewe hiyo ndiyo sababu, basi itunze barua hiyo kama cheti cha ndoa.

Tena fidia hiyo ni ya fedha. Shirika linaweza kukupa kitu kingine, mfano vocha, pale tu thamani yake inapozidi fedha unayostahili, isipokuwa na tarehe ya kuisha, na wewe ukikubali kwa maandishi. Ya dola 150 inayokufa baada ya mwaka haikidhi hata sharti moja. Waandikie kudai dola 1,000, ukiambatisha tiketi na kadi za kupandia. Una mwaka mmoja tangu siku ya safari, nao wana siku 30 za kukujibu. Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko Canadian Transportation Agency, hawatozi kitu. Jibu lao huchelewa, usikate tamaa. Na mwenzako aliyekuwa kiti cha pembeni naye anastahili zake, mwambie.

Shangazi shikamoo. Baba anafika Pearson Februari, Terminal 1, anatoka Lindi. Nitampokea na gari. Koti nimpelekee ndani au nimwekee ndani ya gari?
*Kijana wa Lindi, Oshawa*

Marahaba. Ndani, mwanangu, ndani. Februari baridi ya huku iko chini ya sifuri, na kutoka mlango wa wanaowasili mpaka gari ni hatua chache ambazo mzee wa Lindi atazikumbuka mwaka mzima. Usisimamishe gari nje ukampigia simu atoke. Egesha kwenye jengo la magari lililoungana na Terminal 1, uende ukumbini na koti, kofia, glavu na viatu vya kufunika kifundo, kwa sababu atakuja na makubadhi. Mkalishe kwenye benchi. Soksi umvalishe wewe, mbili mbili, maana miguu itakuwa imevimba baada ya safari ile na kuinama hataweza. Na chupa ya chai ya tangawizi, amimine moja kabla hamjafungua mlango.